Handiboli katika jezi ya kandanda: lugha ya kusimulia msimu wa mabao mawili

Majuma machache yaliyopita, binti ya jirani yangu, mwanafunzi wa kidato cha pili anayechezea timu ya handiboli ya shule yao, alinijia jioni akiwa na simu mkononi. Alitaka nisome taarifa fupi ya michezo iliyohusu mechi waliyoicheza. Mwandishi alikuwa amesema kwamba mchezaji mmoja wa timu hiyo alivuta mkwaju mkali ulioishia wavuni.

"Mwalimu, huyo aliyetajwa hapo ni mimi," akaniambia. "Lakini mimi sikuupiga mpira teke. Ningeupiga teke, refa angepuliza kipenga!"

Nilicheka, kisha nikajizuia, maana hoja ya mtoto ilikuwa nzito kuliko kicheko changu. Katika handiboli, mchezaji wa uwanjani haruhusiwi kuucheza mpira kwa mguu kuanzia chini ya goti. Ni kosa. Mlinda lango pekee ndiye mwenye ruhusa ya kuuzuia mpira kwa mguu, na hilo ni awapo ndani ya eneo lake akilinda lango. Kwa hivyo, taarifa iliyokusudia kumsifu binti huyu ilimsingizia kosa.

Sina nia ya kumlaumu mwandishi huyo. Alifanya tunachokifanya sisi sote. Lugha yetu ya michezo imekulia kwenye kandanda, ikashiba huko, na tunapoitwa kuusimulia mchezo mwingine tunauvalisha jezi ileile. Wakati mwingine jezi hukaa sawasawa. Wakati mwingine humficha mchezaji mzima. Leo nataka kuitazama jezi hiyo kwa kutumia msimu mmoja wa ligi ya kulipwa nchini Ujerumani, kwa sababu msimu huo, ukijaribu kuusimulia kwa Kiswahili cha kandanda, utakukwama kooni.

Tuanze na jina la mchezo wenyewe. Wapo wanaouita mpira wa mikono. Ni jina zuri la Kiswahili, na anayelitumia hajakosea. Ila tazama tulivyoibatiza michezo mingine. Voliboli tumeiita mpira wa wavu, basketiboli mpira wa kikapu, netiboli mpira wa pete, na hoki mpira wa magongo. Kila jina limekamata kile kinachoutenga mchezo huo na mingine. Mikono haiitengi handiboli na voliboli, wala na basketiboli, wala na netiboli. Yote huchezwa kwa mikono. Ndiyo maana mimi huona neno handiboli, ingawa ni la mkopo, lina kazi linayoifanya vizuri zaidi. Msomaji akiliona, hababaiki.

Babaiko huja kwa njia nyingine. Katika kandanda, watangazaji wetu hutumia neno handiboli kutaja kosa la mchezaji kuushika mpira. Bahati njema ni kwamba Kiswahili kina neno lake tamu la kosa hilo: kunawa. "Amenawa!" hupaza sauti mtangazaji, na msikilizaji aliye shambani huelewa papo hapo kilichotokea. Mchezaji amepeleka mikono yake mahali isipotakiwa, kama mtu anayenawa kabla hajakaribishwa mezani. Pendekezo langu la kwanza basi ni jepesi: kosa la kandanda libaki kuitwa kunawa, na handiboli liwe jina la mchezo tu. Jambo linalokatazwa kwenye mchezo mmoja ndilo roho ya mchezo wa pili. Si vyema yakaitwa jina moja.

Sasa twende Ujerumani. Hapa pia inafaa kutanguliza onyo kuhusu jina. Wasomaji wengi wa gazeti wakiona neno Bundesliga, hufikiria Bayern Munich na Borussia Dortmund. Lakini Bundesliga maana yake ni ligi ya shirikisho, yaani ligi ya taifa zima, na Wajerumani hulitumia kwa michezo mingi, handiboli ikiwemo. Mwandishi anayeandika Bundesliga bila kutaja mchezo amemwachia msomaji kazi ya kukisia.

Katika msimu wa 2013/14, Bundesliga ya handiboli ilikuwa na timu 18. Kila timu ilicheza mechi 34, nyumbani na ugenini. Timu mbili zilikimbizana hadi siku ya mwisho. Moja ni THW Kiel, kutoka mji wa bandari ulio kaskazini kando ya Bahari ya Baltiki, mabingwa watetezi waliokuwa wakinolewa na kocha Alfred Gislason na wenye mchezaji kama Filip Jicha. Ya pili ni Rhein-Neckar Löwen, ambao mechi zao kubwa huchezewa Mannheim. Löwen kwa Kijerumani ni simba. Hawa walikuwa na kocha Gudmundur Gudmundsson, kipa Niklas Landin na mwendeshaji mchezo Andy Schmid, na walikuwa hawajawahi kutwaa ubingwa wa Ujerumani. Makocha wote wawili walikuwa raia wa Aisilandi.

Mei 24, 2014, siku ya kufunga ligi, timu hizi zilishuka uwanjani zikiwa na alama sawa. Simba wa Mannheim walikuwa wakiongoza kwa kuwa tofauti yao ya mabao ilikuwa bora kwa mabao saba. Kiel waliwapokea Füchse Berlin nyumbani na kuwashinda 37-23. Simba walisafiri hadi Gummersbach, mji ulio magharibi mwa nchi, si mbali na Cologne, nao wakashinda 40-35. Kila timu ilimaliza na alama 59. Kiel walishinda kwa mabao 14, Simba kwa matano. Kiel walikuwa wamepata tisa zaidi siku hiyo. Ukiondoa yale saba waliyokuwa nyuma, yanabaki mawili. Taji likaenda Kiel kwa mabao mawili, baada ya mechi 34.

Jaribu sasa kuiandika habari hii kwa lugha tuliyoizoea.

Utajikwaa kwanza kwenye alama. Katika kandanda, ushindi una alama tatu, na waandishi wetu wameshazoea kuandika kwamba timu fulani ilitia kapuni alama tatu hata bila kufikiri. Katika ligi hiyo ya handiboli ushindi una alama mbili na sare ina alama moja. Tena Wajerumani, katika jedwali lao la handiboli, huandika alama kwa pande mbili: 59:9. Tarakimu ya kwanza ni alama ulizovuna, ya pili ni zilizokuponyoka. Mechi 34 zikizidishwa kwa mbili ni 68. 59 na 9 ni 68. Msomaji anaona kwa jicho moja jinsi timu ilivyokaribia ukamilifu. Kiel hao hao, katika msimu wa 2011/12, walishinda mechi zote 34 na jedwali likasomeka 68:0. Sisi tukiandika "alama 59" peke yake, tumesema kweli, ila tumeuacha nje ule upande wa pili unaoonyesha kilichopotea. Hakuna kinachotuzuia kuandika "alama 59 kati ya 68". Ni maneno mawili zaidi tu.

Utajikwaa pili, tena vibaya zaidi, kwenye kile kilichoamua ubingwa. Waandishi wetu wana majina mengi ya kipimo hiki. Utasoma kwamba timu fulani iko juu kwa wingi wa mabao, au kwa ubora wa mabao, au kwa uwiano wa mabao, au kwa tofauti ya mabao. Kwenye kandanda hatujali sana, maana kwa kawaida msomaji hujua kinachokusudiwa. Msimu huu wa Ujerumani unatulazimisha tuchague.

Wingi wa mabao ni hesabu ya mabao uliyofunga. Timu inaweza kufunga mengi kuliko mpinzani wake na bado ikawa nyuma, kwa sababu imefungwa mengi pia. Ubora wa mabao hauna maana ya moja kwa moja. Bao la kudunda chini likampita kipa miguuni halina thamani ndogo kuliko lililovurumishwa kwa ustadi kutoka mita tisa. Kwenye daftari yote ni moja moja. Uwiano nao ni hesabu ya kugawanya: mangapi kwa mangapi. Kilichotumika hapa ni kutoa: uliyofunga, toa uliyofungwa. Kwa hivyo neno sahihi ni tofauti ya mabao, na lingine lolote kati ya hayo matatu linamdanganya msomaji.

Kwa nini niling'ang'anie neno moja hivyo? Itazame tena ile mechi ya Gummersbach. Simba walifunga mabao 40 ugenini. Kwa lugha ya wingi wa mabao, huo ni ushindi mnono, na aliyesikia matokeo hayo redioni angedhani waliisherehekea siku. Kwa lugha ya tofauti ya mabao, ushindi huo ndio uliowanyima taji. Walifungwa 35. Kama wangeshinda kwa mabao manane badala ya matano, ubingwa ungekuwa wao. Huzuni ya timu iliyoshinda mechi yake na kupoteza ligi dakika ileile haionekani kabisa ukitumia neno lisilo sahihi. Inaonekana tu pale lugha inapoyahesabu mabao yaliyoingia langoni mwao sawasawa na yale waliyoyafunga.

Na hilo neno "kwa mabao mawili" lenyewe lataka uangalifu. Juni 1, 2014, siku nane baadaye, Kiel walicheza fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya mjini Cologne dhidi ya Wajerumani wenzao, SG Flensburg-Handewitt, waliokuwa wamemaliza wa tatu kwenye ligi ya nyumbani. Flensburg walishinda 30-28. Kiel walikuwa wametwaa taji moja kwa mabao mawili na kupoteza jingine kwa mabao mawili. Lakini mawili ya kwanza yalikusanywa katika mechi 34, kuanzia mwaka uliotangulia, na mawili ya pili yalipatikana katika dakika 60. Mwandishi akisema tu kwamba Kiel "waliibuka mabingwa kwa mabao mawili", msomaji atafikiria mechi moja. Aseme "kwa tofauti ya mabao mawili katika msimu mzima", na mambo yatanyooka.

Kikwazo cha tatu ni vitenzi. Ukurasa wa michezo wa Kiswahili una utajiri wa vitenzi vya kipigo ambao lugha nyingi zingeuonea wivu: kulaza, kuzaba, kunyuka, kucharaza, kutandika, kukung'uta, kupepeta. Mimi huvipenda. Na ingawa hakuna aliyeviandikia sheria, msomaji mzoefu huhisi kwamba vina ngazi. Timu iliyoshinda 1-0 huilaza nyingine. Iliyoshinda 5-0 huicharaza. Ngazi hiyo imejengwa kwa mabao ya kandanda, ambayo ni adimu. Katika handiboli, mabao 25 au 30 kwa timu moja ni jambo la kawaida. Kiel na Berlin walifunga jumla ya mabao 60 katika dakika 60, bao moja kila dakika kwa wastani. Mwandishi wa kandanda akiona 30-28, ataandika "mvua ya mabao". Hiyo haikuwa mvua. Ilikuwa fainali iliyobana hadi mwisho. Kipigo cha kweli kilikuwa kile cha 37-23, na ukitumia "mvua ya mabao" kwa mechi zote mbili, umeifuta tofauti iliyopo kati ya mechi ya kukatana pumzi na mechi ya upande mmoja.

Hapo ndipo napoona kiini cha tatizo lote. Katika kandanda, tukio ni bao. Mwandishi hutaja aliyefunga, dakika aliyofunga na namna alivyofunga, na habari inakamilika. Katika handiboli, bao moja moja halibebi habari. Kinachobeba habari ni pengo, jinsi linavyofunguka na kuzibwa. Timu inafunga mabao manne mfululizo bila kujibiwa. Kocha anaomba mapumziko. Mlinzi anatolewa kwa dakika mbili na wenzake wanabaki pungufu. Pengo linapungua kutoka sita hadi mawili. Anayesimulia handiboli kwa kutaja bao la kwanza na la mwisho ni kama anayesimulia safari ya Nairobi hadi Mombasa kwa kutaja stendi mbili tu.

Sasa nirudi kwenye mkwaju wa binti ya jirani, maana najua msomaji mmoja anayepinga ameshanoa kalamu. Atasema: mkwaju ni mti unaozaa ukwaju, na pia ni fimbo. Fimbo hushikwa kwa mkono. Neno lilitoka mkononi likaenda mguuni kwa sitiari. Kosa liko wapi likirudi mkononi? Hoja hiyo ina nguvu, na sitaipuuza. Lugha hukua hivyo. Pengine baada ya miaka kadhaa "mkwaju wa penalti" utakuwa wa mkono na mguu bila mtu kushtuka.

Jibu langu ni kwamba tunaandika kwa ajili ya msomaji wa leo. Mulize mtu yeyote kituoni cha matatu "kuvuta mkwaju" ni nini, ataunyanyua mguu. Kipimo ninachokipendekeza si asili ya neno, bali picha linayoichora. Kama picha hiyo inaonyesha kitu ambacho hakikutokea uwanjani, neno hilo halifai hata likiwa tamu vipi.

Kwa kipimo hicho, maneno mengi ya kandanda yanavuka salama. Bao, kipa, kocha, winga, fauli, msimu, jedwali, mabingwa watetezi: yote yanafaa. Kutikisa wavu kunafaa, kwa sababu lango la handiboli, lenye upana wa mita tatu na kimo cha mita mbili, lina wavu. Kombora linafaa sana, kwani kombora halijali limerushwa na nini. Kuvurumisha kunafaa kuliko hata kwenye kandanda, maana ni kitenzi cha mkono.

Yasiyovuka ni mkwaju, teke, na alama tatu. "Penalti" ichukuliwe kwa tahadhari. Katika handiboli ni mtupo kutoka mita saba, na "mtupo wa mita saba" ni maneno ambayo hata asiyeujua mchezo atayaelewa. Kutolewa kwa muda tukuite "adhabu ya dakika mbili", tusikuite kadi nyekundu, kwa sababu mchezaji hurudi. Na kuna kosa ambalo kandanda haina kabisa: timu inayoushika mpira na kuupitisha huku na huku bila nia ya kushambulia hunyang'anywa. Tunaweza kusema "kuzungusha mpira bila kushambulia". Ni maneno manne, ila hayana utata. Heri maelezo marefu yanayoeleweka kuliko neno fupi linalopotosha.

Ili nisionekane mtu wa kukosoa tu, acha nijaribu mwenyewe kuiandika ile siku:

"THW Kiel walihifadhi ubingwa wa ligi ya handiboli ya Ujerumani kwa tofauti ya mabao mawili katika msimu mzima, baada ya kuivurumishia Füchse Berlin makombora na kuishinda 37-23 nyumbani. Rhein-Neckar Löwen, walioanza siku wakiwa mbele kwa mabao saba, walishinda 40-35 ugenini Gummersbach, ila mabao 35 waliyofungwa yaliwagharimu taji. Timu zote mbili zilimaliza na alama 59 kati ya 68."

Hakuna neno hata moja hapo la kumtuma msomaji kwenye kamusi. Lakini anajua nani alishinda, kwa kipimo gani, na kwa nini aliyeshinda mechi yake alirudi nyumbani mikono mitupu. (Simba hao, kwa wanaotaka kujua, walilipata taji lao la kwanza mwaka 2016, na la pili 2017.)

Huenda mtu akauliza kwa nini tuhangaike na ligi ya Wajerumani. Nimeichagua kwa sababu hesabu zake ziko wazi na hazimuumizi mtu wa hapa. Lakini handiboli inachezwa hapa petu. Ina ligi yake ya taifa, na imo katika michezo ya shule zetu za sekondari. Mara nyingi habari zake huminywa kwenye pembe ya ukurasa, matokeo matupu bila simulizi. Tumezoea kusema ni kwa sababu haina mashabiki. Mimi nashuku kwamba sababu moja ni hii: hatujaipa lugha ya kuisimulia, na mchezo usiosimuliwa vizuri hauwezi kumvuta shabiki mpya.

Yule binti nilimwonyesha ile aya niliyoiandika. Aliisoma mara mbili, akanyamaza kidogo akihesabu kwa vidole.

"Mwalimu, kumbe waliokuwa wakilinda vibaya ndio waliopoteza," akasema. "Hata kocha wetu hutuambia hivyo kila siku."

Kisha akaniomba nimsaidie kumwandikia mhariri barua, kwa adabu, kuhusu ule mkwaju.